MOTO USIOTAZAMIKA: HABARI ZA MACHO YA WACHOMELEAJI

Wazee wetu na wanachama wote, katika taarifa ya mwaka huu tumeona yafaa kuandika habari za macho ya vijana wetu wachomeleao vyuma, ili ijulikane kwamba madhara yanayowapata si jambo geni.

Zamani mhunzi aliunganisha chuma kwa makaa, mivukuto na nyundo, na moto wake aliutazama. Moto wa umeme ni wa namna nyingine. Mwaka 1843 Mfaransa Léon Foucault, alipokuwa akiuchunguza mwanga wake, alieleza kwamba uliyaumiza macho. Wakati huo haukuwa ukitumiwa kuchomelea. Kazi hiyo ilianzishwa na Nikolai Benardos na Stanisław Olszewski katika miaka ya 1880. Basi madhara yalijulikana kabla ya kazi yenyewe kuwapo.

Mwanga huo una miale isiyoonekana, nayo huunguza utando wa mbele wa jicho. Hila yake ni kuchelewa. Mtu hurudi nyumbani mzima, kisha usiku huamka akihisi kama ametiwa mchanga machoni. Kwa kawaida hupata nafuu baada ya siku moja au mbili, akadhani yamekwisha, akarudi vile vile. Lakini kipande cha chuma kirukacho kutoka kwenye jiwe la kusagia huweza kulitoboa jicho, na hilo huenda lisione tena.

Hapa Kenya Sheria ya Viwanda ilianza kutumika mwaka 1951, na kanuni za kuyalinda macho zikatolewa mwaka 1978. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 ikaeneza ulinzi hadi kila mahali pa kazi. Hata hivyo, tukipita penye mafundi wa jua kali twamwona fundi amevaa miwani ya jua tu, ambayo haitoshi, na msaidizi amshikiaye chuma hana chochote, amegeuza uso kando. Kilichopungua si maarifa wala sheria, ni kinyago.

Kwa hiyo twawasihi wazee: mnapompeleka kijana kwa fundi, kabla ya kutoa ada ulizeni kinyago chenye kioo cheusi ki wapi, na cha msaidizi ki wapi. Macho yakiuma, aende hospitali, wala asitiwe maziwa. Kazi hupotea ikapatikana nyingine. Jicho halina badala.