Maradhi ya Sukari na Mimba Katika Nchi ya Kitai

Msafiri atokaye Songea kwenda Mbinga hupita Kitai, ambako njia hugawanyika, moja ikiteremka kwa Ruanda hadi Lituhi, pwani ya Ziwa Nyasa. Na tangu zama za wamisionari mwanamke mja mzito wa nchi hiyo, akihofiwa uzazi mgumu, hupelekwa ama Peramiho, walikohamia Wabenediktini mwaka 1898, ama Litembo katika milima ya Wamatengo, ama Liuli kwa Waanglikana, alikofia padri William Percival Johnson mwaka 1928. Tiba hiyo, pamoja na fadhila zake zote, ilimngojea mama mlangoni pa uchungu.

Maradhi ya sukari hayangoji hapo. Kabla ya insulini kupatikana Toronto, mgonjwa wa kwanza akidungwa Januari 1922, mwanamke mwenye kisukari alishika mimba kwa nadra, na aliyeshika alikuwa katika hatari kubwa ya kuaga dunia. Baada ya insulini mama aliokoka, ilhali watoto waliendelea kufa au kuzaliwa na kasoro za moyo na uti wa mgongo. Tabibu wa hospitali ndogo alikuwa na njia moja tu ya kuitambua sukari: matone machache ya mkojo katika dawa ya buluu ya Benedict, kisha moto, na macho yake yakiangalia rangi igeukayo kijani, manjano, hata nyekundu ya tofali. Kipimo hicho kiliweza kukosea kwa mja mzito, kwa kuwa mimba yenyewe huweza kupitisha sukari mkojoni bila maradhi.

Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty na wenzake wa Dar es Salaam walitangaza kwamba katika vijiji walivyovipima nchini, wenye kisukari hawakufika hata mmoja katika kila watu wazima mia. Na mwaka 1991 Andrew Swai na wenzake wakaandika kwamba kisukari ni nadra katika mimba vijijini Tanzania. Sioni ajabu: watu waliokula jasho lao, kama Wamatengo wachimbao mashimo ya ngoro mlimani, hawakuwa na sukari ya ziada mwilini. Lakini utafiti uliotolewa mwaka 2014 uliona kisukari cha mimba kwa wanawake 8.4 katika mia mjini, na mmoja tu katika mia shamba. Hicho aghalabu huja mimba ikiwa imekua. Kiharibucho maungo ya mtoto ni kile kilichokuwamo tangu mwanzo.

Uharibifu huo ulichunguzwa mwaka ule ule wa 1991, huko Uppsala, Uswidi: watafiti Eriksson na Borg walilea viinitete vya panya katika sukari nyingi vikaharibika, kisha wakatia vimeng'enya vizimavyo chembe kali za oksijeni, na madhara yakapungua. Kwa kuwa vimeng'enya hivyo ni vikubwa na hupenya kwa taabu, wengine wamejaribu chembechembe ndogo mno za madini ya seriamu, ziwezazo kuzima chembe hizo na kurudia kazi tena; panya wenye kisukari waliopewa walikuwa na mimba zilizosalimika zaidi. Kwa binadamu hazijathibitishwa, wala usalama wake haujajulikana.

Nao mfereji wa uti wa mgongo hujifunga yapata siku ya 28 tangu mimba kutungwa, hali wanawake wengi wa Tanzania huenda kliniki kwa mara ya kwanza baada ya mwezi wa tatu. Dawa yoyote ya jinsi hii, hata ikifika Kitai, itahitaji mama apimwe sukari kabla hajashika mimba.