Kilo-Moto: kazi ya fimbo, kazi ya posho

Familia nyingi zilizokimbilia Bunia zinatoka Djugu, upande wa Mongbwalu na Bambu. Huko, babu wa wengi walifanya kazi Kilo-Moto.

Dhahabu ilionekana Kilo mwaka 1903, uchimbaji ukaanza 1905. Wazungu walihitaji mikono mingi, lakini watu walikuwa na mashamba na ng'ombe wao, shimo halikuwavuta. Basi machifu waliamriwa kutoa vijana, na kapita akasimama juu yao na fimbo. Aliyeletwa kwa nguvu alichimba huku macho yake yakitafuta njia ya porini. Wengi walitoroka.

Kampuni iliyoundwa mwaka 1926 ilijifunza polepole: posho, nyumba za kambi, hospitali, shule. Haukuwa ukarimu, maana mwenye njaa hachimbi. Hata hivyo watoto walizaliwa kambini, wakakua, wakashika kazi ya baba zao.

Mwaka 1966 serikali ilichukua migodi, ikaiita OKIMO. Mitambo ikachakaa. Mishahara ikachelewa miezi, kisha miaka, na wakubwa hawakuwa na jibu. Mwaka 1982 Mobutu aliporuhusu raia kuchimba dhahabu, mfanyakazi alipata mlango mwingine: asubuhi aliitika jina lake kazini, mchana alikuwa mtoni na koleo lake. Waliomwita mvivu hawakumfuata huko mtoni, alikochimba na kuosha mchanga mpaka jua linazama.