Mundu ndani ya damu: kutoka Chicago hadi Muhimbili

Tarehe 26 Desemba 1904, kijana wa miaka 20 alilazwa hospitalini mjini Chicago, akikohoa na kuhema kwa shida. Aliitwa Walter Clement Noel, mzaliwa wa kisiwa cha Grenada, aliyevuka bahari kwenda kusomea udaktari wa meno. Daktari mwanagenzi, Ernest Irons, alimtoa damu, akaipaka kwenye kioo na kuitazama kwa hadubini. Chembe nyekundu za damu huwa za mviringo kama sahani. Za Noel, baadhi zilikuwa nyembamba, zimepinda, zimechongoka ncha zote mbili.

Mkuu wake, James Herrick, alimfuatilia kijana huyo kwa zaidi ya miaka miwili, na mwaka 1910 akachapisha taarifa akizifananisha chembe hizo na mundu. Hapo ndipo penye asili ya jina selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyosema. Vitabu vikambeba Herrick. Noel alihitimu, akarudi kwao, akafungua kliniki ya meno, na mwaka 1916 akafariki kwa nimonia akiwa na miaka 32. Kwa maoni yangu, kila anayesomea maradhi ya damu chuoni angepaswa kulijua jina la Noel siku ya kwanza, maana somo lake lilianzia kwenye damu ya mwanafunzi mwenzake.

Huku Afrika maradhi hayakungoja hadubini. Kina mama waliwaona watoto wamevimba vidole vya mikono na miguu, macho ya manjano, wakilia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa. Wengi walizikwa wachanga.

Mwaka 1949 ndio uliofungua mlango. Nchini Marekani, Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba kasoro imo ndani ya himoglobini yenyewe. Uganda nako, Hermann Lehmann na Alan Raper walichapisha vipimo vyao: miongoni mwa Baamba, chini ya milima ya Ruwenzori, karibu watu 45 kati ya 100 walibeba kinasaba cha kasoro hiyo. Mwaka huohuo Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kusoma Oxford, alizunguka Kenya akipima damu. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria alikuta wabebaji zaidi ya 20 kati ya 100. Nyanda za juu hawakufika hata mmoja. Kinasaba kinachoua watoto wanaokirithi kwa wazazi wote wawili kimewezaje kudumu namna hiyo?

Allison alishuku mbu wa malaria: huenda kinasaba hicho kinawakinga wabebaji. Mwaka 1953 alirudi Afrika Mashariki kulithibitisha hilo. Kipimo chenyewe kilikuwa chepesi: tone la damu ya kidole, tone la dawa ya kuondoa oksijeni, kioo chembamba juu yake, kisha kusubiri. Chembe za mbebaji zikikosa hewa hujikunja zikawa mundu mbele ya macho yako. Watoto wa Uganda waliobeba nakala moja ya kinasaba hicho walikutwa na vimelea vichache vya malaria. Aliwaambukiza malaria pia wanaume Waluo 30: kati ya 15 wasio na kinasaba, 14 waliugua, kati ya 15 wenye nacho, wawili tu. Leo kamati ya maadili ingelihoji sana jaribio hilo. Matokeo yake, yaliyochapishwa 1954, yanafundishwa duniani kote, na waliotoa miili yao hatuwajui kwa majina.

Miaka michache baadaye Vernon Ingram, huko Cambridge, aligundua kuwa tofauti yote kati ya himoglobini ya kawaida na ya selimundu ni asidi moja ya amino iliyokaa mahali pa nyingine.

Elimu hiyo ilikaa ughaibuni muda mrefu kuliko ilivyostahili. Mwaka 2004 Profesa Julie Makani na wenzake walianza, katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, kuwaandikisha na kuwafuatilia wagonjwa, maelfu kwa maelfu. Mwaka 2019 utafiti uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda ulionyesha kuwa dawa ya haidroksiyurea inapunguza maumivu, malaria na vifo kwa watoto wetu. Kwa wengi, kikwazo kilichobaki ni bei na upatikanaji.

Tanzania inakadiriwa kupata watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa moja kati ya nne wa kuleta mtoto mwenye selimundu. Kama hujapima, kapime, na mwenzako mwende pamoja.