Chuma wa Mikindani: kutoka mkia wa msafara hadi kichwani

Bahari ya Mikindani ikikupwa, maji hujivuta mbali, mizizi ya mikoko ikabaki wazi na ngalawa zikalala ubavu kwenye tope. Nilifika pwani saa hiyo. Wageni huonyeshwa nyumba ya mawe yenye mlango wa nakshi na kibao chenye jina la mvumbuzi David Livingstone. Mimi nilikuwa nikimfuata mtu mwingine, kijana wa Kiyao aliyeshuka hapa pamoja naye Machi 1866, hajatimiza hata miaka 20. Jina lake Chuma.

Manowari ya Kiingereza, Penguin, ilitoka Unguja tarehe 19 mwezi huo na kwanza ikajaribu mlango wa Ruvuma. Kingo za mto hazikuwa na mahali pa kushushia ngamia, ikabidi wageuke kuja huku. Ukiisoma orodha ya msafara katika shajara ya Livingstone, unaona cheo cha kila mtu: masipahi (askari) 13 kutoka India, watu 10 wa kisiwa cha Nzwani, vijana 9 waliokombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik, India, wawili wa Shupanga, na mwisho kabisa Wayao wawili, Wikatani na Chuma. Watu 36, na Chuma ndiye anayefunga orodha.

Hata hivyo, alikwisha kuona mengi. Alitekwa akiwa mtoto, akakombolewa mwaka 1861 katika nyanda za juu za Shire. Mwaka 1864 alivuka bahari hadi Bombay katika meli ndogo ya Livingstone, akasoma shule ya wamisionari, na Desemba 1865 akabatizwa kwa jina la James.

Kutoka Mikindani nilishika barabara ya Nanyamba, Tandahimba hadi Newala, mikorosho ikinisindikiza kulia na kushoto. Pale Newala nilisimama ukingoni mwa Shimo la Mungu, mahali ambapo uwanda wa Makonde unakatika ghafla, na bonde la Ruvuma likalala chini yangu hadi Msumbiji. Msafara wa 1866 ulipita huko chini. Wapagazi waliweza kujipenyeza vichakani, lakini ngamia na mizigo yao hawakuweza, ikabidi Wamakonde waajiriwe kutangulia na mashoka kufyeka njia. Wanyama walidhoofika na kufa. Mbele zaidi vijiji vilikuwa na njaa kwa sababu ya mashambulizi ya Wamazitu. Julai masipahi walirudishwa pwani. Septemba Wikatani aliwakuta ndugu zake karibu na Ziwa Nyasa, akabaki nao. Mwezi huohuo Wanzwani walitoroka, na walipofika Unguja wakatangaza kwamba Livingstone ameuawa.

Chuma hakurudi. Nadhani ufundi wake ulianzia hapo, wakubwa walipopungua mmoja mmoja na kazi zao zikabaki bila mtu.

Miaka saba baadaye, Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo mwaka 1873, wenzao waliwachagua Chuma na mwenzake wa msafara, Abdullah Susi, kuwaongoza. Moyo wa marehemu ukazikwa chini ya mti. Mwili ukaanikwa juani, ukafungwa kwa vitambaa na gamba la mti. Njiani, walipoona wenyeji wanakataa maiti ipite, waliufunga upya ufanane na robota la nguo, kisha wakatuma mzigo wa uongo urudi Unyanyembe, kana kwamba maiti inakwenda kuzikwa huko. Februari 1874 waliingia Bagamoyo.

Wengi humwacha Chuma hapo, na jambo hilo linanisikitisha. Tumemfunga kwenye jeneza la mtu mwingine, hali kazi yake kubwa ilikuwa bado mbele. Alikwenda Uingereza na Susi, akasaidia kufafanua shajara za marehemu zipate kuchapishwa. Aliporudi, alikuwa mnyapara anayetafutwa. Alifanya kazi na Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA, aliyewaleta watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja kupitia Lindi hadi Masasi mwaka 1876.

Mwaka 1879 alichaguliwa kuongoza msafara wa mwanajiografia Keith Johnston kwenda kwenye maziwa. Juni 28 Johnston alifia Behobeho, na uongozi ukamwangukia Joseph Thomson, kijana wa miaka 21 ambaye hakuwahi kutia mguu Afrika kabla ya safari hiyo. Hebu fikiria mizani ilivyogeuka: sasa Mzungu ndiye mwanagenzi, na Chuma ndiye anayejua namna ya kuajiri wapagazi, kupatana hongo (ushuru wa njia) na machifu, kuamua ugomvi wa kambini na kusema lugha za njiani. Walifika Nyasa na Tanganyika, wakarudi salama mwaka 1880.

Kutoka Newala nilipitia Masasi, nikashuka Mangaka hadi Mtambaswala, penye Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010. Malori yalikuwa yakivuka kwenda Msumbiji, na chini mto umejaa mchanga, maji yamejigawa vijito vijito. Si mbali na hapa ndiko Lugenda unakoingia Ruvuma, Ngomano, ambako Chuma alipita akiwa kijana mwaka 1866.

Mwaka 1881 Sultani Barghash wa Unguja alimtuma Thomson kutafuta makaa ya mawe huku. Msafara uliondoka Mikindani, bandari ileile, na mnyapara wake alikuwa Chuma. Miaka 15 ilikuwa imepita. Walipanda bonde hadi walikoelekezwa, wakakuta mawe meusi ambayo si makaa kamili, hayafai kuendesha meli ya Sultani wala kitu kingine. Mwaka uliofuata Chuma alifariki Unguja kwa kifua kikuu, akiwa na umri wa miaka thelathini na kidogo.