Boriti, Chuma na Hesabu: Vipimo vya Wajenzi wa Unguja

Katika Mji Mkongwe wa Unguja, kipimo cha mjenzi kilikuwa boriti ya mkoko. Urefu wake ndio ulioamua upana wa chumba, ambao kwa kawaida ulikuwa kiasi cha mita 3. Kuta nene za mawe na chokaa zilifuata. Fundi hakuandika hesabu, kwani hesabu ilikuwa katika boriti yenyewe.

Mwaka 1883 Sayyid Barghash alijenga Beit el Ajaib, akatumia nguzo za chuma kubeba mabaraza mapana kuliko boriti ingaliweza. Lakini chuma huliwa na kutu, na chokaa hunywa maji. Havizeeki kwa namna moja. Tarehe 25 Desemba 2020, jumba likiwa katika matengenezo, sehemu yake iliporomoka na watu wawili wakafa.

Mji ulipoenea Ng'ambo hata kufika Mpendae, ujenzi ukawa wa matofali ya saruji na nondo. Mhandisi wa leo huchagua programu za kompyuta, kama AutoCAD ya kuchorea na ETABS ya kukadiria uzito na upepo. Saruji na nondo, ambazo nguvu zake hujulikana, huzifaa programu hizo. Ukuta wa mawe na chokaa, usiolingana sehemu kwa sehemu, sharti kwanza ukaguliwe na kupimwa pale ulipo. Basi achaguaye programu na aanze kwa kuuliza jengo lake ni la kitu gani, kama fundi wa zamani alivyoanza na boriti.