Gereza Lilianza Kuwa Kanisa

Juzi kwenye kikundi chetu cha vijana tulikuwa tunatafuta maneno ya Kiswahili yaliyotoka kwa Wareno. Meza, bendera, leso, hayo yalipatikana haraka. Halafu dada mmoja akauliza, "Na gereza je?" Kumbe nalo! Wataalamu wanasema limetokana na igreja, yaani kanisa. Watu wakacheka. Kanisa linageukaje jela?

Twende Mombasa, kwenye Ngome ya Yesu, ile wengi wanaita Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na aliyeichora ni Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Walitaka kulinda bandari na njia yao ya biashara ya kwenda India. Ndani wakaweka kanisa. Huku pwani jina la kanisa likaja kuitwa ngome yenyewe. Hata Kilwa Kisiwani ngome ya zamani inaitwa Gereza mpaka leo.

Sasa, mwezi Machi 1696 Waomani waliizingira ngome ya Mombasa. Hapa ndipo habari inatugusa sisi. Waliokimbilia ndani hawakuwa Wareno peke yao. Walikuwemo Waswahili, wanaume, akina mama na watoto. Maradhi yaliingia, watu wakafa kwa wingi. Mwaka 1697 kamanda Mreno alipofariki, ulinzi ulishikwa kwa muda na Bwana Daud wa Faza na watu wake. Desemba 1698 Waomani wakaingia. Waliokuwa hai bado ni wa kuhesabu kwa vidole.

Mimi shuleni nilifundishwa tu kwamba Waarabu waliwafukuza Wareno. Hao wakimbizi wa ndani ya ngome sikusikia habari zao kabisa.

Baadaye, kuanzia 1895, Waingereza waliifanya jela hasa, mpaka 1958. Hapo neno na jengo vikakutana. Mwaka 1960 ikafunguliwa kama makumbusho, na 2011 UNESCO ikaiweka kwenye urithi wa dunia. Leo mgeni anaonyeshwa mizinga, mabaki ya kanisa, na michoro ya meli ambayo Wareno waliichora ukutani.

Mimi sijafika. Kutoka kambini ni mpaka kibali, mnajua wenyewe. Lakini siku nikifika, sitaanza na mizinga. Nitauliza wale akina mama na watoto walilala upande gani, na kama kuna aliyeandika majina yao.

Nyumba zetu hapa ni za udongo. Hazitasimama miaka 400 kama yale mawe ya matumbawe. Ndiyo maana kikundi chetu kimeanza kuandika, bloku kwa bloku: nani alifika, mwaka gani, alitoka wapi, alibeba nini. Wazee wetu na mama zetu, karibuni Jumamosi mchana. Kalamu tunazo, daftari tunalo. Tunawahitaji nyinyi.