Panga la bustani: Namna ya kulichagua na kulibeba bila kuvunja sheria

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

KILA alfajiri, kabla magari hayajafurika barabarani, vijana wanaojipatia riziki kwa vibarua vya kufyeka nyasi na kupunguza michongoma huonekana wakielekea Mikocheni, Masaki na Mbezi Beach. Wengi hubeba zana zao mkononi, makali yakiwa wazi, na hakuna anayewashangaa.

Usiku hali hubadilika. Kijana yule yule, mwenye panga lile lile, akichelewa kazini na kukatiza uchochoro wa mtaa ambao hajulikani, huwa amejiweka katika hatari mbili: kukamatwa na askari wa doria, na kuitiwa mwizi na wananchi wenye hasira kali ambao hawana muda wa kumsikiliza.

Hofu hiyo haikuzuka bure. Januari 2015 jiji la Dar es Salaam lilikumbwa na taharuki iliyotokana na kundi la vijana lililojulikana kwa jina la Panya Road, na Septemba 2022 wakazi wa baadhi ya maeneo ya jiji walivamiwa na kujeruhiwa kwa mapanga, hali iliyosababisha polisi kuendesha msako mkali. Tangu hapo, panga lililo wazi gizani halitazamwi tena kama zana ya shamba.

Sheria ya Tanzania Bara haikatazi mtu kumiliki panga, shoka, mundu wala kisu cha bustani. Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015, inayodai leseni, inahusu bunduki na bastola. Panga hununuliwa dukani kama sufuria.

Kinachodhibitiwa ni namna ya kulichukua. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamtia hatiani mtu anayetembea hadharani akiwa na silaha pasipo sababu halali, kwa namna inayowatia wengine hofu, na mahakama inaweza kuamuru silaha hiyo itaifishwe. Mambo yanayopimwa hapo ni mahali, sababu na namna. Sheria haitaji inchi za ubavu wa panga.

Kwa hiyo mtunza bustani aliyelifunga panga lake ndani ya gunia pamoja na reki na glovu, akiwa njiani kwenda kazini, ana maelezo yanayoonekana kwa macho kabla hajafungua kinywa. Aliyelichomeka kiunoni chini ya shati hana. Na likitumika katika uporaji, jambo huwa zito mno: adhabu ya unyang'anyi wa kutumia silaha ni kifungo kisichopungua miaka 30, na panga linahesabiwa kuwa silaha sawasawa na bastola.

Wapo wanaodhani kwamba barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa ni kibali cha kubeba panga. Sivyo, kwani hakuna kibali cha namna hiyo. Hata hivyo barua inayotaja kazi ya mtu na mahali anapofanyia humsaidia sana anaposimamishwa, kama inavyomsaidia namba ya simu ya mwajiri. Endapo askari atakichukua kifaa katika upekuzi, ni vyema mhusika aombe kwa adabu stakabadhi ya kukipokea, kwa kuwa utaratibu wa makosa ya jinai unautambua waraka huo.

Lililo bora kuliko yote ni zana kubaki kazini. Mwenye nyumba anayemwita kibarua kila wiki na kumtaka aje na panga lake anamtwisha hatari ambayo yeye mwenyewe angeiondoa kwa kununua panga moja na kulifungia stoo. Gharama yake ni ndogo, na makali yake yatatunzwa vizuri zaidi.

Pamoja na hayo, bustani nyingi za mjini hazihitaji panga kwa kila kazi. Kupogoa mpera au boganvilia kwa panga ni kuuchana mti: gome huchubuka, na jeraha hukaribisha ukungu na wadudu. Tawi la unene wa kidole linataka mkasi wa kupogolea, ambao hutoshea mfukoni na haumtishi yeyote ndani ya daladala.

Mikasi hiyo ni ya aina mbili. Upo ule ambao meno yake mawili hupishana kama mkasi wa fundi cherehani, na huo ndio unaofaa kwa matawi mabichi. Mwingine una jino moja linalokandamiza juu ya bamba bapa. Unafaa kwa matawi makavu, lakini huliponda tawi bichi. Mnunuzi aufungue na kuufunga mara kadhaa dukani. Meno yakiachana kwa kutikisika, auache. Vilevile aangalie kama jino linaweza kufunguliwa kwa spana ili linolewe, na kama kuna komeo la kuufunga wakati hautumiki.

Tawi nene kuliko hapo ni kazi ya mkasi wa mikono mirefu au msumeno wa kupogolea, hasa ule unaokunjwa ukaingia katika mpini wake. Nyasi ni kazi ya fyekeo, ambalo wengine huliita kwanja.

Panga lenyewe lisichaguliwe kwa mng'aro. La kwanza kutazamwa ni mpini: chuma kinapaswa kupenya hadi karibu na mwisho wake na kushikwa kwa ribiti zisizopungua mbili, ikiwezekana tatu. Panga ambalo chuma chake kimeishia katikati ya plastiki huchomoka siku moja mkono ukiwa juu, na mara nyingi kuna mtu amesimama nyuma.

La pili ni chuma. Mnunuzi alipinde kidogo ubavu na kuuachia. Ukirejea ulivyokuwa, ni chuma kizuri, na ukibaki umepinda ni bati tu. Chuma cha kaboni hushika kutu upesi kuliko kile kisichoshika kutu, lakini hunoleka kirahisi kwa tupa. Wahunzi wa mitaani wanaofua visu kutokana na springi za malori hutoa bidhaa ambazo mara nyingi huzishinda zile za dukani, ingawa mipini yao huhitaji kukaguliwa.

Mapanga mengi huuzwa yakiwa butu, na kunoa ni juu ya mnunuzi. Si lazima kunoa urefu wote. Sehemu iliyo karibu na mpini inaweza kuachwa bila makali ili kulinda vidole. Kifaa butu ndicho hujeruhi zaidi, kwa sababu hutaka nguvu nyingi na huteleza juu ya mti.

Wenye migomba wana sababu nyingine ya kujihadhari. Mnyauko bakteria, ugonjwa ulioiingia Kagera katika miaka ya 2000 na kuiangamiza mashamba kwa mashamba, huenezwa pia na panga linalotoka mgomba mmoja kwenda mwingine. Makali yasafishwe kwa dawa ya klorini, kama ile ya kufulia nguo nyeupe, au yapitishwe kwenye moto kabla ya kugusa shina jingine.

Nje ya Tanzania Bara mambo hutofautiana. Zanzibar ina Sheria ya Adhabu yake, Namba 6 ya mwaka 2018. Nchini Kenya, kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo cha kati ya miaka 7 na 15 kwa anayekutwa na silaha ya hatari katika mazingira yanayoonyesha nia ya kutenda kosa kubwa. Mtanzania anayelima kishamba cha kukodi Uingereza akumbuke kwamba sheria ya mwaka 1988 ya huko hutazama hata inchi: kisu kidogo cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3 huruhusiwa mfukoni, na kwa kingine chochote mbebaji ndiye anayepaswa kuthibitisha sababu yake.

Safarini, zana zote za kukatia hazipandi na abiria ndani ya ndege; hukabidhiwa pamoja na mizigo mikubwa. Makali yavishwe ala ya ngozi au kipande cha mpira wa bomba kilichopasuliwa, kisha yafungwe kwa kamba, ili mkaguzi atakayetia mkono begini asikatwe.